Benchi la Watu Wawili

Watoto walimwita Mwalimu Vidole, na mwenyewe hakulikataa jina hilo. Darasa lilipoanza alisimama mbele ya piano, akapaza sauti, "Vidole!" na watoto wote, wengine hawajamaliza hata kuvua viatu, wakainua mikono juu na kuchezesha vidole hewani kama watu wanaokausha rangi ya kucha. Waliozoea walicheka. Wageni walijificha nyuma ya mama zao. Hata wazazi walikuja kulisahau jina lake la kweli. Ukimuuliza muuza kufuli wa duka la chini kama mwalimu wa muziki yupo, angekujibu, "Nani, Vidole? Panda ngazi, fuata makelele."

Makelele yalikuwa ghorofa ya kwanza, katika chumba kirefu ambacho zamani kilikuwa stoo ya karatasi za kiwanda cha uchapaji. Sakafu ilikuwa ya mbao, na madirisha hayakufunguka mpaka uyasukume kwa bega. Pembeni ilisimama piano nzito, kitufe chake kimoja cha besi kikinata siku za mvua. Vinanda vidogo vya umeme vilipangwa nusu duara juu ya meza zilizokatwa miguu ili ziwafae watoto wa miaka minne na mitano. Katikati ya chumba lilitandikwa zulia la kitambaa kizito lililoshonwa kwa mfano wa piano, vitufe vyeupe na vyeusi, kila kimoja kikitosha mguu wa mtoto. Watoto walirukaruka juu yake wakiimba noti wanazozikanyaga, na mwenye kukosea alirudi mwanzo huku wenzake wakimzomea kwa furaha.

Zulia lile alilishona mke wake.

Mwalimu Vidole hakuwa na ndoto ya kufundisha watoto. Ujanani alipiga piano katika ukumbi wa hoteli moja kubwa, amevaa koti jeupe, nywele zimelala kwa mafuta. Wageni walikula na kuzungumza, visu na uma vikigongana, naye alikaa pembeni akipiga nyimbo za taratibu ambazo hakuna aliyezisikiliza mpaka zinyamaze. Aliipenda kazi ile kufa. Kisha hoteli ikapata mwenyewe mpya, na mwenyewe mpya akaweka spika kila kona. Meneja alimwita kando akamweleza kwa upole kwamba kuanzia sasa muziki utatoka kwenye dari. Piano, walipoona haina pa kukaa, wakampa aende nayo.

Wakati huo alikuwa na mke ambaye bado walikuwa wanazoeana na binti mchanga anayetambaa. Akaiweka piano sebuleni, ikamaliza nusu ya chumba, akaanza kufundisha watoto wa jirani. Kwa muda tu, alisema, mpaka apate bendi. Bendi haikupatikana. Watoto ndio waliopatikana, mmoja mmoja, kila mmoja na saa yake, na wengi waliishia kulia. Alikuwa hawagombezi. Aliwakalia tu kando, kimya, akiwatazama vidole, na mtoto wa miaka mitano akitazamwa vidole na mtu mzima asiyesema kitu hupatwa na haja ndogo.

"Ungewaita waje pamoja," mkewe alimwambia siku moja akikunja nguo.

"Pamoja vipi? Piano ni moja, wao sita."

"Wewe ungependa kufungiwa chumbani na mtu mzima anayekukodolea macho tu?"

"Mimi nilifundishwa hivyo hivyo."

"Ndiyo maana hucheki," mkewe akasema, akaendelea kukunja.

Alikubali kwa shingo upande. Wiki ile watoto sita walijaa sebuleni, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyelia. Aliyekosea alimwona mwenzake naye amekosea, wakacheka wote, wakarudia. Mwalimu alishika piano, mkewe akashika watoto. Aliwapokea mlangoni, akawafuta makamasi, akawapangia viti, akawapigisha makofi kufuata mapigo. Walimwita Shangazi. Na Shangazi ndiye aliyegundua kwamba watoto wadogo hawashiki majina ya noti, lakini majirani wanawashika vizuri sana.

"Mnaviona hivi vyeusi viwili?" aliwaambia akiwa amechuchumaa kando ya zulia lake. "Hawa ni mapacha, hawaachani. Hawa watatu ni madada, kazi yao umbea. Do anakaa mlango wa kushoto wa mapacha. Fa anakaa mlango wa kushoto wa wambea. Ukipotea njia, uliza mapacha."

Mtoto aliyesikia hivyo mara moja hakupotea tena. Habari zikaenea, wanafunzi wakazidi, sebule ikashindwa, ndipo wakahamia juu ya duka la kufuli. Siku moja Mwalimu alialikwa kwenye mkutano wa walimu wa shule za watoto wadogo aeleze siri ya darasa lake. Aliongea vizuri mno. Alieleza "mbinu yangu ya mapacha na madada" mpaka watu wakawa wanaandika. Mkewe alikaa safu ya nyuma kabisa, lile zulia limekunjwa mapajani mwake, maana ndiye aliyelibeba, na mwishoni alipiga makofi pamoja na wengine. Mwalimu hakudhamiria kumwibia kitu. Kichwani mwake, cha mkewe na chake kilikuwa kimoja, na mwenye kukisemea ni yule aliyeshika maikrofoni.

Sasa, mke yule alikuwa na ombi moja, na ombi lenyewe lilikuwa la zamani kuliko darasa. Tangu siku piano ilipoingia sebuleni alisema, "Na mimi unifundishe."

"Nitakufundisha," Mwalimu alijibu. "Ngoja nipate nafasi."

Aliomba tena binti alipoanza shule, akaambiwa asubiri likizo. Likizo ilikuja, ikapita. Aliomba wakati walipohamia chumba kikubwa, safari hii kwa utani, akisimama nyuma ya foleni ya watoto na mikono juu, akichezesha vidole. Watoto wakavunjika mbavu. Mwalimu naye alicheka, akamwambia, "Wewe ukikaa hapa, nani atafungua mlango?"

Kwa rafiki zake alikuwa na maelezo mengine. Alisema mume hamfundishi mkewe, wataishia kununiana. Sababu ya kweli aliijua, lakini aliizunguka kama mtu anayezunguka dimbwi. Mkewe alikuwa na sikio la muziki. Zamani, Mwalimu akifanya mazoezi sebuleni, sauti ya mkewe ilimfikia kutoka jikoni: "Umekimbia hapo."

"Sijakimbia."

"Umekimbia."

Alirudia kwa kuhesabu mapigo na kukuta ni kweli, amekimbia. Basi siku ile chakula kililiwa kimya. Mtu aliyevuliwa koti jeupe na kuletewa watoto wenye makamasi alibakiwa na kitu kimoja cha kujivunia, nacho ni kwamba nyumbani mwake mwenye kujua muziki ni yeye. Hicho hakutaka kukigawa.

Katika kundi moja alikuwapo msichana wa miaka mitano aliyeitwa Kidoti, kwa sababu ya alama nyeusi shavuni. Alikuwa mwoga wa watu, lakini akishika kinanda anasahau kama kuna watu. Mwisho wa mwaka Mwalimu aliazima ukumbi wa shule kwa maonyesho, akampangia Kidoti wimbo wa watu wawili: yeye apige sauti ya juu, mvulana mmoja amsindikize kwa sauti ya chini. Maonyesho yalipokaribia, mvulana akashikwa na tetekuwanga. Mwalimu aliamua kimoyomoyo kwamba atakaa mwenyewe mahali pa yule mvulana. Hakumwambia mtu, kwa kuwa hakuona kama kuna la kuambia. Kwake ilikuwa sehemu ya mkono mmoja, sauti chache tu.

Siku ilipofika ukumbi ulifurika. Wazazi walinyoosha simu juu ya vichwa vya wenzao, bibi na babu wakawekwa mbele. Mwalimu alishika maikrofoni, na kama kawaida yake mbele ya watu, alichangamka kuliko alivyochangamka nyumbani. Watoto wakapiga, wakakosea, wakashangiliwa. Kidoti akaitwa. Akapanda jukwaani, akakaa kwenye benchi la piano, miguu inaning'inia. Na Shangazi naye akapanda. Siku ile alikuwa amevaa gauni jipya na amesuka nywele. Akaketi kwenye benchi upande wa besi, akaiweka mikono yake mapajani.

Mwalimu alimwona kwa pembe ya jicho. Mchana kutwa mkewe alikuwa akipanda na kushuka, akimwekea huyu mto, akimsogezea yule benchi. Akacheka, akasema kwenye maikrofoni, "Msiwe na wasiwasi, wazazi. Huyo ni Shangazi wetu anapima kama benchi litabeba wawili. Ndiye fundi wetu wa viti!"

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Kilikuwa kicheko kizuri, cha watu wanaompenda, na hapo ndipo palipokuwa na ubaya wake. Shangazi alibaki ameketi kidogo. Kisha na yeye akacheka. Akalipigapiga benchi kwa kiganja kama fundi anayejaribu mbao, akatikisa kichwa kwamba ni imara, watu wakazidi kucheka, akainuka akashuka. Kidoti alimfuata kwa macho, mdomo wazi. Mwalimu akaketi mahali pale pale, pakiwa bado na joto, wakapiga. Mtoto alipiga vibaya kuliko siku zote, machozi yakimlengalenga.

"Leo Kidoti amepatwa na nini?" Mwalimu aliuliza njiani wakirudi.

"Alitishika na watu," mkewe akajibu.

Kazi iliendelea. Shangazi aliendelea kufungua mlango, kufuta makamasi, kuwasimulia watoto habari za mapacha na wambea. Ila hakuigusa tena piano. Hata kuipangusa vumbi alimwachia mumewe. "Ni chombo chako," alimwambia, "unajua mwenyewe wapi pa kushika." Na ombi lake la zamani hakulirudia. Mwalimu aliliona hilo baada ya miaka, akalichukulia kuwa limemtoka kichwani, kama watu wanavyoacha mambo ya ujana. Tena alijisikia nafuu.

Miaka ilikwenda. Binti yao alimaliza masomo, akapata kazi mji mwingine, akaolewa huko. Waliokuwa watoto wa darasa la kwanza walianza kuota ndevu. Shangazi alipata baridi yabisi. Ilianza kwenye kidole kimoja, ikapanda kingine, mpaka asubuhi akawa anashindwa kufungua kifuniko cha chupa. Siku aliposhindwa kumfunga mtoto kamba za viatu, na mtoto akamwambia, "Acha, Shangazi, nitafunga mwenyewe," alirudi nyumbani, na darasani hakwenda tena. Mwalimu akatafuta msichana wa kumsaidia. Msichana alikuwa mzuri wa kazi, lakini hadithi ya mapacha aliisimulia kama mtu anayesoma tangazo.

Alasiri moja akaingia mwanamke mwenye funguo za gari mkononi na mtoto wa kiume amejibana kwenye sketi yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Karibu. Huyu ndiye mwanafunzi?"

"Huyu ni mwanafunzi mpya. Wa zamani ni mimi," akasema, akageuza shavu.

Mwalimu alifurahi mpaka akashika kichwa. Kidoti! Amekuwa daktari wa meno. "Kwa hiyo siku hizi wewe ndiye unayewaliza watoto," Mwalimu akamwambia, na wote wakacheka. Akamwonyesha zulia, lililopauka lakini lipo. Kidoti akavua viatu, mtu mzima yule, akasimama juu ya Do.

"Mlango wa kushoto wa mapacha," akasema. "Na Shangazi hajambo? Bado anapiga?"

"Anapiga nini?"

"Piano, Mwalimu."

Mwalimu akatabasamu. "Shangazi hapigi piano. Utakuwa unamchanganya na mtu mwingine."

Kidoti akamtazama kama anayengoja mzaha uishe. "Nimchanganye na nani? Si tulikuwa tupige wote, mimi na yeye, siku ile ya maonyesho? Yule mvulana alipougua, kila ulipotoka na mkoba wako kwenda kutengeneza piano za watu, tulibaki huku tunafanya mazoezi. Alikuwa anajua kumsubiri mtu, Shangazi. Mimi nikikwama, yeye anazunguka palepale mpaka nimfikie. Akaniambia nisimwambie mtu, tunakuandalia zawadi. Mama alidhani naumwa, jinsi nilivyobana mdomo." Akashuka kwenye zulia. "Halafu wewe ukasema yale ya fundi wa viti."

"Alijifunza kwa nani?" Mwalimu akauliza.

"Kwako. Si alikuwa anakaa pale mlangoni kila siku?"

Siku ile alifundisha kwa mazoea tu. Alipiga kelele ya "Vidole!" na mikono ikainuka, lakini mwenyewe aliitazama ile mikono mpaka mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, tushushe?"

Nyumbani alimkuta mkewe amekaa karibu na dirisha, nguo zilizoanuliwa zimemjaa mapajani. Alizikunja polepole, kwa viganja zaidi kuliko vidole.

"Kidoti alikuja leo."

Uso wa mkewe ukachanua. "Kidoti! Amekuwa mkubwa?"

"Amemleta mwanawe. Ameniuliza kama bado unapiga piano."

Viganja vikatulia juu ya shuka.

"Watoto wana kumbukumbu," akasema.

"Ni kweli, mama? Siku ile ulikaa pale ili upige?"

"Nilikaa pale, ndiyo."

"Mimi nilidhani unapima benchi!"

"Najua. Hata siku ile nilijua. Hukusema kwa ubaya."

"Sasa mbona hukuniambia? Ungetamka neno moja tu, ningekupisha."

"Watu walikuwa wameshacheka, Mwalimu." Alimwita hivyo hata nyumbani, siku zote, na kwa mara ya kwanza jina lile lilimchoma. "Ningefanyaje? Nisimame niwaambie, jamani nyamazeni, mimi nimekuja kupiga? Na wewe umeshika maikrofoni?"

"Hata tulipofika nyumbani? Hata siku nyingine?"

Mkewe alimtazama bila hasira. Angekuwa na hasira, ingekuwa afadhali. "Kabla ya hapo nilikuwa sijakuambia?"

Mkewe akachukua foronya, akaendelea na kazi yake.

Mwalimu alimpigia simu binti yao. Hakujua anatafuta nini, pengine mtu wa kumwambia kwamba Kidoti ametia chumvi. "Ulijua mama yako alikuwa anapiga piano?"

"Si alikuwa anapiga kwenye meza ya jikoni," binti akajibu, kama anayeulizwa rangi ya mlango. "Chakula kinachemka, yeye anapiga meza, mimi namwimbia noti. Akikosea ananiambia, usicheke, bado najifunza. Kwani vipi, baba?"

"Sikujua."

"Nilidhani unajua," binti akasema. "Nilidhani nyinyi wawili mmekubaliana awe anajifunza hivyo."

Kuna majuto ya mtu aliyefanya jambo baya. Hayo yana pa kushika, mtu anaweza kuomba radhi akaeleza nini alichofanya. Ya Mwalimu hayakuwa na pa kushika. Alikuwa amefundisha watoto wa muuza kufuli, wa hakimu, wa dereva wa gari la taka. Alikuwa amemfundisha mtoto aliyeuma vitufe. Alikuwa na subira iliyosifiwa mtaa mzima, na mtu mmoja tu ndiye aliyeambiwa angoje. Alilala na hilo, akaamka nalo. Ndipo akapiga moyo konde akamwambia mkewe, "Twende darasani asubuhi hii, kabla watoto hawajaja."

"Kufanya nini?"

"Nikufundishe."

Mkewe alimtazama, kisha akavitazama vidole vyake, akacheka kidogo. Lakini akachukua mtandio wake wakaenda.

Mwalimu alimsogezea benchi, akaweka mto, akahakikisha miguu inafika chini. Akaketi kando yake. Mkono wa kulia wa mkewe ulikataa kabisa, vidole vimejikunja kuelekea upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo. Wa kushoto ulikuwa na vidole viwili vya kuaminika. "Hivyo vinatosha," Mwalimu akasema haraka, "huo wimbo wa Kidoti, sehemu yako ni sauti mbili tu." Ulimi ukamuuma aliposema sehemu yako.

Mkewe akaanza bila kuuliza vitufe viko wapi. Sauti ya kwanza, ya pili, ya kwanza, ya pili, taratibu, bila kuyumba. Mwalimu akaingia na ule wimbo juu yake. Alikuwa ameupiga na watoto wasiohesabika, lakini asubuhi ile alijikuta amemtangulia mkewe.

"Umekimbia," mkewe akasema.

"Nimekimbia," Mwalimu akakubali.

Akarudi kwenye mapigo ya mkewe. Walifika mwisho, wakaanza tena, na safari hiyo walikwenda pamoja vizuri, hata Mwalimu akathubutu kutumaini. Akaona mambo mbele yake: kila asubuhi hivi, polepole, dawa ya vidole, mazoezi, maonyesho ya mwisho wa mwaka. Ndipo mkewe akainua mkono kutoka kwenye vitufe, akauweka mapajani na kuufunika kwa ule mwingine.

"Inatosha."

"Vinauma? Tupumzike, halafu tuendelee."

"Vinauma, lakini si hilo." Alifikiri namna ya kulisema. "Nilikuwa nakitaka kitu hiki, Mwalimu. Nilikitaka mpaka nikawa nakiota. Sasa nimekaa hapa najisikiliza kama bado nakitaka, naona nafanya ili wewe usijisikie vibaya. Basi. Nimechoka kufanya hivyo."

"Nisamehe, mke wangu."

"Nilishakusamehe zamani. Uliponiona sipangusi piano, ulidhani nafanya nini? Nilikuwa nakusamehe." Akainuka kwa kushika ukingo wa piano. "Nisindikize ngazini, goti nalo halitaki."

Alimshika mkono wakashuka hatua kwa hatua, muuza kufuli akawaamkia, wakamwitikia wote wawili kwa sauti ya kawaida.

Baada ya hapo Mwalimu aliyatupia macho mabenchi ya koridoni, walikoketi mama, bibi na yaya wa nyumbani waliowaleta watoto. Kwa miaka yote aliwaona kama makoti yaliyotundikwa. Siku moja alifungua mlango akawauliza, "Nani kati yenu anataka kuingia?" Walitazamana. Mmoja akadhani kuna mtoto amejisaidia. Mwishowe bibi mmoja, mjane aliyekuwa karani wa posta, akasimama, akavua viatu, akauliza kama atalichana lile zulia.

Hivi sasa Jumamosi ni darasa la watu wazima. Wanakaa kwenye meza zilizokatwa miguu, magoti yamefika kidevuni, wanachekana. Mwalimu hamwambii mtu angoje. Akiwaeleza habari ya mapacha na wambea anasema kwanza, "Hii imetungwa na mke wangu," hata kwa wale walioisikia wiki iliyopita. Mjane wa posta anaipiga piano vizuri. Kuna siku anapiga vizuri mno, na Mwalimu huenda dirishani akajifanya analihangaikia lile dirisha lililokwama.

Kila Jumamosi kabla ya kutoka humuuliza mkewe, "Tutaenda wote?" naye hujibu, "Nenda, watu wanakungoja." Hasemi kwa uchungu. Wakati mwingine anamchagulia shati.

Mara moja tu alifika. Mwalimu alisahau miwani nyumbani, na darasa likiwa limepamba moto muuza kufuli akapanda ngazi akimletea.

"Mkeo ameileta."

"Yuko wapi? Mwambie aingie!"

"Ameshaondoka. Alisimama hapo kwenye ngazi kidogo, anasikiliza. Nikamwambia apande. Akasema hapana, ana haraka."

Mwalimu alikwenda dirishani. Alisukuma kwa bega, halikufunguka, akatazama kupitia kioo. Barabarani watu walikuwa wengi, na bila miwani wote walifanana. Akaivaa, akatafuta tena. Nyuma yake mtu mmoja alikuwa ameshaanza kupiga peke yake, akikosea palepale, akirudia. Akageuka akaenda kukaa kando yake.